Mtoto wenu anapotaka kumwandikia mwenye vitabu vya sanamu



Katika nyumba nyingi za miji yetu vitabu vya sanamu vimekwisha kuingia. Twasema vitabu vile ambavyo hadithi yake husimuliwa kwa sanamu zilizochorwa moja kando ya nyingine, na maneno ya watu yameandikwa ndani ya viduara vinavyotoka vinywani mwao. Mtoto akileta kimoja nyumbani, ndugu zake humzunguka. Anayejua kusoma huwasomea wasiojua, na wasiojua hufuata kwa macho. Kitabu hupita mkono kwa mkono hata jalada likakatika.

Kisha huanza maulizo. Kwa nini shujaa huyu hazeeki? Mbona katika ukurasa wa tano alikuwa na kofia nyekundu, na katika ukurasa wa sita ni ya buluu? Adui aliyekufa katika kitabu cha kwanza amerudije katika kitabu cha tatu? Na mara moja moja huja ulizo zito zaidi: kwa nini watu wa rangi yetu wamechorwa namna hii?

Baba aliyechoka na kazi hujibu, ‘Nyamaza, hiyo ni hadithi tu.’ Jibu hilo laleta amani ya jioni moja, lakini halifundishi neno. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Tena yuko mtu anayeweza kujibu vizuri kuliko baba, naye ni yule aliyekipiga chapa kitabu chenyewe. Mara nyingi anwani yake imeandikwa ndani kwa herufi ndogo, mahali ambapo wasomaji hawatazami.

Juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya barua ya msomaji kwa mwenye kuchapisha vitabu vya sanamu: yaweza kufanya nini, mipaka yake ni ipi, na yafaa iandikwe namna gani. Wako watu wanaofikiri kwamba barua za namna hiyo hutupwa zote kapuni. Sivyo. Barua moja imepata kugeuza kitabu kizima, na kitabu kingine kilibaki na aibu yake kwa miaka mingi kwa sababu wale waliokuwa na neno la kusema hawakuulizwa. Kitabu hicho kinatuhusu sisi wa Kongo, nasi tutakifikia.

MLANGO ULIOFUNGULIWA

Tuanze Marekani, maana huko wenye kuchapisha waliwapa wasomaji nafasi kubwa ya kusema. Mwaka wa 1961, mjini New York, nyumba ya Marvel ilitoa kitabu kiitwacho Fantastic Four, kazi ya mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby. Katika toleo la tatu, mwaka wa 1962, kiliwekwa ukurasa wa barua. Wasomaji waliandika, naye Stan Lee alijibu kwa mzaha na kwa upole, kana kwamba wote wameketi katika baraza moja.

Haikupita miaka mingi wasomaji wakamkuta na kosa. Kuna shujaa aitwaye Hulk, mtu wa elimu ambaye hugeuka kuwa jitu la rangi ya kijani. Jina lake la kibinadamu lilikuwa Bruce Banner. Lakini mwaka wa 1964 Stan Lee, ambaye alikuwa akiandika vitabu vingi kwa wakati mmoja, alisahau, akamwita Bob Banner. Barua zikaja: jina hili limetoka wapi? Mwandishi mwenye kiburi angenyamaza. Stan Lee alikubali kosa lake mbele ya wote, kisha akatafuta njia ya kulitengeneza. Kwa kuwa Wamarekani hufupisha jina la Robert kuwa Bob, alitangaza kwamba mtu yule aitwa Robert Bruce Banner. Hata leo ndilo jina lake kamili, nalo lilipatikana kwa sababu wasomaji waliuliza.

Nyumba hiyohiyo iliweka desturi moja ya kuchekesha. Msomaji aliyeona kosa katika hadithi, na hasa yule aliyeona kosa kisha akaeleza kwa akili jinsi lisivyokuwa kosa, alipata zawadi iliyoitwa ‘zawadi isiyo zawadi’. Mwanzoni hakuletewa kitu chochote isipokuwa sifa katika ukurasa wa barua. Baadaye alitumiwa bahasha iliyoandikwa kwa nje maneno ya pongezi, na ndani haikuwa na kitu. Watu wazima watacheka. Lakini fikirini ni elimu gani iliyofichwa katika mchezo huo. Mtoto alifundishwa kusoma kwa macho makali, kuliona kosa bila kumtukana mwenye kulifanya, na kufikiri njia ya kulitengeneza. Haya ni mambo matatu ambayo walimu wetu hutafuta mwaka mzima darasani.

Nyumba ya pili, ile ya Superman na Batman, ambayo leo yaitwa DC, ilifanya jambo jingine. Mwaka wa 1961 mhariri wake Julius Schwartz alianza kuchapisha barua pamoja na anwani kamili za waandishi wake. Watu waliodhani kwamba wako peke yao katika mapenzi hayo wakaona majina ya wenzao, wakaanza kuandikiana wao kwa wao. Mwaka uleule Jerry Bails, mwalimu wa chuo kikuu mjini Detroit, alianzisha gazeti dogo la wapenzi wa vitabu hivyo, nalo aliliita Alter-Ego. Hivyo ukurasa wa maulizo ulizaa urafiki, na urafiki ukazaa magazeti.

Hapa twaongeza onyo la mzazi. Desturi ya kuchapisha mahali mtoto anapolala haifai kuigwa. Mtoto aandike anwani ya shule au ya baba yake, na jina lake la kwanza latosha.

SHAURI LENYE THAMANI

Wasomaji wengine hawaulizi tu, bali huleta mashauri. ‘Mpeni shujaa mavazi mapya. Mleteeni ndugu. Andikeni hadithi ya namna hii.’ Je, shauri la mtoto lina thamani?

Katika mji wa Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma, aliishi kijana aitwaye Jim Shooter. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa chuma, na fedha nyumbani zilikuwa chache. Kijana alisoma vitabu vya nyumba zile mbili tulizozitaja, akaona kwamba vya Marvel vinapendeza kuliko vya wenzao. Wengi wetu tungeandika barua ya lawama: hadithi zenu zachosha. Yeye, akiwa na umri wa miaka 13, alikaa akatunga hadithi nzima pamoja na michoro ya kuonyesha mpango wa kila ukurasa, akaipeleka kwa wale walioshindwa, maana alifikiri kwamba hao ndio wenye kuhitaji msaada. Mhariri Mort Weisinger aliinunua. Ilitoka katika Adventure Comics namba 346 mwaka wa 1966, wakati mtungaji wake alikuwa na miaka 14 tu. Fedha aliyoipata ilisaidia jamaa yake.

Mtoto yule alikua, na tangu 1978 hata 1987 alikuwa mhariri mkuu wa Marvel. Basi mwaka wa 1982 ilimfikia barua ya msomaji mmoja aliyeshauri kwamba Spider-Man, shujaa anayevaa nyekundu na buluu, apewe mavazi meusi. Jim Shooter hakulichukua shauri lile kimyakimya. Alimwandikia yule msomaji, akalinunua kwa dola 220. Mavazi meusi yalitokea mwaka wa 1984, na tangu hapo yamejulikana katika nchi nyingi.

Wazazi, pimeni mambo mawili katika habari hii. La kwanza: aliyepokelewa vizuri alipokuwa mtoto alijua kumpokea mwingine alipokuwa mkubwa. La pili: wazo ni mali. Dola 220 zilikuwa fedha nzuri kwa kijana, lakini ni kidogo sana mbele ya faida ambayo mavazi yale yaliiletea nyumba ile kwa miaka mingi. Kwa hiyo mtoto akitunga jambo kubwa, hadithi au shujaa mpya, mzazi asome kwanza, aweke nakala nyumbani pamoja na tarehe, na asikubali kutia mkono chini ya karatasi asiyoielewa.

WENGI WAKISEMA NDIYO

Twafika sasa mahali penye utelezi. Mtu aweza kusema: ikiwa mashauri ya wasomaji ni mema, kwa nini wenye kuchapisha wasiwaachie wasomaji kuamua yote? Jambo hilo limejaribiwa.

Batman ana msaidizi wake kijana, aitwaye Robin. Kijana wa pili aliyechukua jina hilo, Jason Todd, hakupendwa na wasomaji wengi. Mwaka wa 1988 nyumba ya DC, iliyokuwa na mhariri Dennis O'Neil katika kazi hiyo, iliandika hadithi ambayo adui anamtega kijana huyo kwa bomu. Hadithi ilikatika hapo. Wasomaji wakapewa namba mbili za simu: namba moja ya kusema apone, namba ya pili ya kusema afe. Kila simu ililipiwa senti 50, na mlango ulifunguliwa kwa saa 36 tu.

Zilihesabiwa simu 10,614. Waliotaka apone walikuwa 5,271. Waliotaka afe walikuwa 5,343. Kwa tofauti ya simu 72 kijana yule akauawa, na katika toleo lililofuata Batman alichorwa akimbeba mikononi. Watu wengi walishtuka walipoona matokeo, na baadhi yao walikuwa wale waliopiga simu.

Ni kweli kwamba aliyekufa ni mtu wa karatasi, na hakuna mama aliyelia matanga. Lakini tutazame namna ya kuuliza. Simu haikuuliza sababu. Haikuuliza kijana huyu angewezaje kurekebishwa, wala hadithi yake ingewezaje kuandikwa vizuri zaidi. Tena mtu mwenye fedha aliweza kupiga simu mara nyingi kama alivyotaka, na mtoto asiye na senti hakuhesabiwa. Twasema penye wengi hapaharibiki neno, na methali hiyo ni ya kweli mahali ambapo wengi wameketi, wamesikilizana, na kila mmoja ametoa sababu yake. Wazee wetu wakihukumu shauri hawahesabu sauti kwanza, husikiliza kwanza. Barua moja yenye sababu yapita simu elfu zisizo na sababu, na habari ifuatayo yathibitisha hayo.

BARUA YA PADRI MMOJA

Katika mji wa Brussels, tangu tarehe 10 Januari 1929, gazeti la watoto lililoitwa Le Petit Vingtième lilikuwa likitoa hadithi za kijana mwandishi wa habari, Tintin, pamoja na mbwa wake mweupe. Mchoraji alikuwa Georges Remi, ambaye wote wanamjua kwa jina la Hergé. Mwaka wa 1934, alipokuwa akimaliza safari ya Tintin katika nchi za Misri na Uhindi, ilitangazwa kwamba safari itakayofuata itakuwa ya China.

Siku zile watu wengi wa Ulaya walikuwa na Mchina mmoja tu katika mawazo yao: mtu mjanja, mwenye kusuka nywele mkia mrefu, tena mkatili. Padri Gosset alikuwa mlezi wa wanafunzi Wachina katika chuo kikuu cha Leuven. Alijua kwamba wanafunzi wake wataumia wakiona watu wa kwao wamechorwa hivyo. Hakungoja kitabu kitoke ili alalamike. Alimwandikia mchoraji kabla hajaanza kazi, akamsihi achunguze kwanza mambo ya nchi ile, na hata akamfungulia njia ya kukutana na wenye kuijua.

Hivyo Hergé akakutana na Zhang Chongren, kijana Mchina aliyekuwa akijifunza sanaa mjini Brussels. Wakawa marafiki. Zhang alimweleza historia na desturi za nchi yake, akamwonyesha namna Wachina wanavyotumia kalamu ya manyoya, na maneno ya Kichina yaonekanayo kutani katika kitabu hicho ni maandiko ya kweli. Kitabu kilichozaliwa, Le Lotus bleu, kilitolewa mwaka wa 1936. Ndani yake yumo kijana aitwaye Tchang, na yako mazungumzo ambamo Tintin na rafiki yake wanacheka upuuzi ambao watu wa Ulaya waliamini juu ya Wachina, na upuuzi ambao Wachina waliamini juu ya watu wa Ulaya. Wajuzi wengi husema kwamba tangu kitabu hicho Hergé aliacha kuchora kwa kukisia, akawa mtu wa kuchunguza kila chombo na kila nyumba. Baadaye Zhang alirudi kwao. Vita na mageuzi vikawatenga marafiki hao kwa miaka mingi, nao hawakuonana tena hata mwaka wa 1981.

Basi twauliza: barua ile ya padri ilikuwa na nguvu gani? Haikuwa na sahihi elfu, wala haikuwa na matusi. Ilikuwa na mambo matatu. Ilifika mapema. Ilitoka kwa mtu aliyejua anachokisema. Tena haikusema tu ‘usifanye hivi’, bali ilionyesha mlango wa kuingilia.

NA KITABU CHETU?

Sasa twaja kwetu. Miaka minne kabla ya barua hiyo, tangu mwaka wa 1930 hata 1931, gazeti lilelile lilimtuma Tintin katika Kongo. Hergé hakuwa amefika huku. Alitazama vitu vya jumba la Tervuren, akasikiliza masimulizi yaliyokuwapo katika nyumba za Wabelgiji wa siku zile, akachora. Matokeo mnayajua: watu wetu wenye midomo mikubwa na macho ya kushangaa, wasemao maneno yaliyovunjika, wanaobabaika mbele ya kila chombo na kumpigia magoti mgeni kijana. Baadaye Hergé mwenyewe alieleza kwamba alikuwa amelishwa mawazo ya watu wa kwao wa wakati ule, wala hakujua kitu kingine.

Hakuna Padri Gosset aliyeandika kwa ajili ya Wakongomani. Hakuna Zhang wa Boma au wa Stanleyville aliyekaribishwa kuketi karibu na meza yake.

Hata hivyo kitabu kimeguswa mara kadhaa, na yafaa kuona kwa sababu gani. Katika chapa ya 1946 mchoraji aliondoa somo ambalo Tintin aliwafundisha watoto wa shule kwamba nchi yao ni Ubelgiji, akaweka somo la hesabu. Mwaka wa 1975 wenye kuchapisha katika nchi za kaskazini ya Ulaya walimwomba aondoe ukurasa ambapo Tintin anamlipua kifaru kwa baruti, maana waliona kwamba watoto wao watachukizwa na ukatili huo. Hergé alikubali, akachora ukurasa mpya ambapo kifaru anakimbia akiwa mzima. Twamshukuru kwa ajili ya kifaru. Lakini sura za watu hazikubadilika. Kifaru alikuwa na watetezi ambao sauti yao ilifika mezani pa mchoraji.

Tusidhani kwamba alikataa kuwasikia Waafrika kila mara. Katika kitabu Coke en stock, cha mwaka wa 1958, waliomo ni Waafrika wanaosafiri kwenda Maka kuhiji, na waovu wataka kuwauza utumwani. Nia ya mchoraji ilikuwa njema, lakini aliwasemesha kama watoto wachanga. Mwaka wa 1962 gazeti Jeune Afrique lilimlaumu kwa jambo hilo. Katika chapa ya mwaka wa 1967 maneno yao yaliandikwa upya. Hivyo neno letu likifika, husikiwa. Wakati mwingine huchelewa, lakini husikiwa.

Habari za kitabu cha Kongo hazijakwisha. Mwaka wa 2007 Mkongomani mmoja aliyekaa Brussels alikipeleka mbele ya waamuzi ili kiondolewe madukani, na mwaka wa 2012 waamuzi walikataa, wakisema kwamba kilichorwa katika mawazo ya nyakati zake, bila nia ya kuchochea chuki. Katika Uingereza chapa ya mwaka wa 2005 ilitolewa pamoja na onyo kwa msomaji. Na sisi wenyewe hatuna neno moja. Wako Wakongomani wanaokicheka kitabu hicho kama kioo cha ujinga wa wageni, na mafundi wa Kinshasa huchonga Tintin kwa mti na kumwuza kwa wasafiri. Wako wengine wanaoumia kila wakionapo jalada lake. Katika jamaa moja baba aweza kucheka na mtoto akaumia. Baba wa namna hiyo asimdharau mtoto wake, maana mtoto ndiye anayekwenda shuleni na kulinganishwa na sanamu ile.

BARUA YAFAA IANDIKWE HIVI

Kwanza, mtoto asome kitabu mara mbili kabla ya kushika kalamu. Ataje jina la kitabu, ukurasa, na sanamu anayoisema. Barua isemayo ‘kitabu chenu kina makosa’ haimsaidii mtu. Mwenye kuchapisha Mwingereza, nyumba ya Methuen, alipotaka kutoa L'Île noire, hadithi ambayo mambo yake yanatendeka Uingereza, alimpelekea Hergé orodha ya makosa 131, moja moja. Mchoraji msaidizi Bob De Moor akatumwa kule kuchora vitu jinsi vilivyo, na kitabu kizima kikachorwa upya, kikatoka mwaka wa 1966. Orodha iliyo wazi ilifanya kazi ambayo hasira isingeifanya.

Pili, aanze na jambo lililompendeza. Si kwa kusifu ovyo, bali kwa sababu mtu husikiliza vizuri akijua kwamba msemaji ameipima kazi yake kwa haki.

Tatu, aulize maulizo mawili au matatu, asiulize ishirini. Nayo yawe maulizo ambayo jibu lake halimo katika kitabu chenyewe.

Nne, akisema kosa, aeleze lililo sawa. Ikiwa mchoraji wa mbali amemchora mvuvi wa Tanganyika akivua ndagala wakati wa mchana, mtoto wa Uvira au wa Kalemie aandike kwamba ndagala huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, tena aongeze mchoro wake mwenyewe, hata ukiwa mbaya. Mtoto huyo ni mwalimu wa mchoraji katika jambo hilo, na asione haya.

Tano, asitukane, wala asiombe zawadi. Barua ya kuomba vitu hushusha heshima ya yule aliyeiandika, na mashauri mema yaliyomo ndani hayaonekani tena.

Sita, asikate tamaa jibu likichelewa. Siku hizi barua yaweza kupelekwa kwa simu bila tembre na kufika mara moja, lakini mwenye kuisoma bado ni mtu mmoja mwenye kazi nyingi. Mzazi asome kabla haijaondoka, si kwa kuikata maneno, bali kwa kujua mtoto wake anafikiri nini. Huenda akajifunza mambo ambayo asingeyasikia mezani.

TUSIWASAHAU WACHORAJI WETU

Mwisho twataka kusema kwamba barua zisiende Ulaya na Marekani peke yake. Nchi yetu ina wachoraji. Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka wa 1959, amechora vitabu vingi. Kimoja, Madame Livingstone, kilichotolewa mwaka wa 2014, chasimulia vita vya wazungu juu ya ziwa Tanganyika tangu mwaka wa 1915. Katika Kinshasa, miaka ya 1990, Papa Mfumu'eto alichora vijitabu vya bei ndogo kwa Kilingala, vikauzwa sokoni. Hadithi zake zilitoka katika yale yaliyozungumzwa na watu mitaani, hata msomaji akaona mtaa wake mwenyewe katika karatasi.

Wachoraji kama hawa wahitaji barua kuliko wale wa nyumba kubwa. Nyumba kubwa yapata mashauri kila siku. Mchoraji wa kwetu mara nyingi hufanya kazi peke yake, kwa fedha chache, bila kujua kama wasomaji wamempenda au wamemsahau. Neno la mtoto mmoja wa Bukavu au wa Lubumbashi, kwamba ‘hadithi yako niliisoma mara tatu, lakini sikuelewa kwa nini yule mama aliondoka’, laweza kumfanya aketi tena mezani. Naye hatahitaji Padri wa kumweleza mambo yetu. Atahitaji tu kujua kwamba tunamtazama, na kwamba akikosea tutamwambia.

Basi, wazazi, mtoto akija na ulizo lake jioni, msimnyamazishe. Mtafutieni kalamu, mfungulieni ukurasa wenye anwani, na mkipata franka kidogo mlipieni tembre. Wachoraji hawajamaliza kuichora Kongo. Safari hii mtoto wenu awaandikie mapema.